Kobe Niliyemwazima

Jumatatu, Juni 2
Nimedanganya tena. Kwenye mkutano wa chama cha bustani, Lavonne, mwenyekiti wetu, alikuwa akisimulia habari za ndege wanaokuja kwake. Ndege hivi, ndege vile. Nikasikia sauti ikisema kwamba kwangu kobe wa msituni huja kila asubuhi. Sauti ilikuwa yangu. Lavonne akasema vizuri sana, basi Jumamosi chama kizima kitakuja kuwaona.

Sijawahi kuona kobe uani kwangu. Hata gamba.

Jioni nimeanza kazi. Sinia la maji. Gogo bovu. Stroberi. Majani makavu, toroli kwa toroli. Mume wangu Hoyt akauliza kama hayo si yale majani aliyoyakusanya mpaka mgongo ukamkatika. Nikasema ni mengine.

Jumanne, Juni 3
Rakuni, wale wezi wa usiku wenye mkia wa pete, wamekula stroberi zote na kunawa mikono kwenye sinia. Nikaweka uyoga na nyanya zilizoiva kupita kiasi. Wakaja sisimizi. Hoyt akasema angalau wageni wameanza kufika.

Jumatano, Juni 4
Nimechungulia kwa jirani, mzee Delbert Yocum. Kobe! Dume, macho mekundu, gamba lenye michirizi ya manjano, anakula tikiti kwenye kisahani. Delbert ameketi karibu naye, anamweleza habari za mvua.

Akaniita nije nimwone. Anaitwa Shemasi. Jina alipewa na Nadine, marehemu mkewe, kwa sababu hakosi siku ya chakula na hachangii neno. Miaka na miaka anatoka msituni kuja kwenye kisahani kile. Nadine tulimzika mwezi wa pili.

Nikasema pole, na niliisema kwa moyo. Kisha nikatazama uzio, nikaona ni mfupi.

Alhamisi, Juni 5
Nimemwazima. Naandika "kuazima" maana ndilo neno lenyewe.

Delbert alikuwa amekwenda makaburini na maua. Mimi nikaingia na kapu la nguo chafu. Shemasi alijifunga ndani ya gamba, pwaa, kama sanduku. Uani kwangu alikaa hivyo muda mrefu, kisha akatoa kichwa, akaupita uyoga, akazipita nyanya, akaelekea moja kwa moja kwenye uzio wa Delbert. Nikamgeuza. Akageuka. Nikamgeuza tena. Ana shingo fupi lakini kichwa kigumu.

Sasa yuko kwenye beseni la kuogea. Hoyt amenawia jikoni na hasemi nami.

Ijumaa, Juni 6
Delbert alibisha hodi asubuhi, kofia mkononi. Shemasi hajaja kula. Anaogopa barabara, malori ya kubeba mbao yanapita kwa kasi. Je, ningemsaidia kumtafuta?

Nikamsaidia. Mungu anisamehe, nilipiga magoti vichakani kwake nikaita, "Shemasi, Shemasi," kwa sauti ya mtu asiyejua. Delbert alitembea ukingo wa barabara akiangalia chini. Aliporudi alikuwa ametota jasho. Akasema, "Orpha, Nadine aliniomba kitu kimoja tu. Nisiache kumwekea chakula."

Kisha akanipa mkate wa mahindi kwa ajili ya usumbufu wangu. Nimeula. Nimeumaliza wote.

Hoyt amefungua mdomo hatimaye. Alisema, "Mrudishe." Nikasema baada ya wageni.

Jumamosi, Juni 7
Wamekuja wote, na kofia zao. Lavonne, kwa huruma yake, alimpitia Delbert njiani ili keki yangu imliwaze.

Nilikuwa nimemweka Shemasi chini ya majani ya jimbi. Wakamwona, wakainama wote kumtazama. Lavonne akawasukuma wenzake ili aone vizuri. Nilifurahi, labda kwa muda wa kumeza mate mara moja.

Shemasi akatoka. Akapita katikati ya viatu vya wanachama, akafika kwenye uzio, akaanza kusukuma waya kwa kichwa.

Delbert akaweka sahani chini. Akapiga magoti polepole, kama wanavyopiga watu wenye magoti mabovu. "Kumbe upo," akasema. Akaniangalia, macho yamejaa maji. Akanishukuru mbele ya watu wote kwa kumhifadhi rafiki yake asikanyagwe.

Ningeweza kunyamaza. Nilijaribu. Lakini Hoyt alikuwa ananitazama, na mkono wa Delbert ulikuwa umeshika wangu.

Nikasema, "Nilimchukua mimi. Juzi, ulipokuwa kwa Nadine."

Hakuna aliyetafuna. Delbert akauachia mkono wangu, taratibu, bila hasira. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Ungeniomba, ningekuazima," akasema.

Akambeba kobe wake akaenda nyumbani. Wageni wakakumbuka kila mmoja ana shughuli. Keki imebaki.

Jumapili, Juni 8
Sikwenda kanisani. Ningemtazama nani?

Alasiri Delbert alikuja kwenye uzio na miche ya stroberi ya Nadine. Hakutabasamu. Alisema niipande, niache majani yalale, kisha niwe na subira. Kobe ana kwao, na akihamishwa hutangatanga maisha yake yote akipatafuta. Kama kuna mmoja ambaye kwao ni hapa, atakuja mwenyewe. Labda baada ya miaka kadhaa.

Nimelia jikoni. Nimeapa mbele ya Hoyt: sitagusa tena kiumbe cha mtu, wala sitajisifu kwa kisicho changu. Hoyt akasema, "Haya."

Jumatatu, Juni 9
Mvua. Nikitoka dukani nimemkuta kobe katikati ya barabara, mzuri kuliko Shemasi. Huyu si wa mtu. Kumwacha pale ni dhambi. Alikuwa anaelekea upande wa kwangu, ukihesabu na kona.

Yuko kiti cha nyuma cha gari, nimemfunga mkanda. Delbert atafurahi sana kuona jinsi nilivyomsikiliza.

Nimeshampigia Lavonne simu.