Kompyuta Niliyoianika Mwenyewe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daftari mpendwa, salamu nyingi sana. Natumaini u mzima. Sisi hapa Lulindi hatujambo. Baba Glory anakusalimu, hajambo isipokuwa goti la kushoto. Mama mkwe anakusalimu, anasema masikio yamechoka lakini mdomo bado unakula. Kuku wa madoa ametotoa, vifaranga sita, wote hawajambo. Mbuzi wawili hawajambo. Wa tatu nitakueleza. Glory binti yangu yuko chuoni Mtwara, nakusalimia kwa niaba yake. Mimi mwandishi sijambo kidogo, ni moyo tu.

Samahani kwa salamu ndefu. Niliishia darasa la nne, na kuandika tulikofundishwa ni kuandika barua. Sijui kuanza vingine. Ni semina ya akina mama kanisani, kila mtu kapewa daftari, tukaambiwa tuandike kila siku jambo linalotusumbua na tusimwonyeshe mtu. Wenzangu waliandika waume. Mimi naandika kompyuta.

Jambo lenyewe hili hapa. Glory anakuja likizo Jumamosi, mpaka mwisho wa mwezi. Ana ripoti ya chuo, lazima aiandike kwenye kompyuta. Sisi hatuna. Mdogo wangu Yuliana, Mama Trevor, aliyeolewa Newala, anayo. Basi amempigia Glory simu bila kunipitia, kamwambia likizo yote aje kwake. Kompyuta ipo, upepo upo, chumba cha peke yake kipo. Likizo yote! Mwaka jana alimchukua wiki mbili tu, akamrudisha anakunywa chai bila sukari.

Na basi la Mtwara linapita Newala kabla ya kufika kwetu. Aliyechora barabara ile hakuwa mama.

Nikamwambia Glory asihangaike, kompyuta ipo hapa nyumbani. Haipo. Ila itakuwepo. Kaka yangu Benedikto wa Dar es Salaam anasema nzima ni ghali, lakini ukinunua kipande kipande ni nafuu, halafu unaunga. Nimeuza mbuzi wa tatu.

Baba Glory anasema kompyuta ya vipande ni kama kuku wa vipande. Haiwezi kuwika.

Jumanne, 5 Agosti

Mzigo umefika na basi, ndani ya gunia la korosho. Kasha la bati jeusi. Ubao wa kijani. Feni. Skrini ya mtumba. Kibodi, ina herufi zote, nimehesabu. Kipande kidogo cha mraba chenye vijimeno vya dhahabu upande wa chini, vingi kama brashi ya viatu. Kipande kingine kirefu chembamba. Waya kama utumbo. Kifuko cha skrubu. Maelezo ni Kiingereza na Kichina. Nimechagua kutosoma yote mawili.

Yupo fundi kompyuta Masasi mjini, anaitwa Ashraf. Anaunga kwa ujira. Sasa nimpe ujira wa nini, mimi niliyewahi kuunga baiskeli ya Baba Glory mpaka ikatembea? Nikampigia kwa akili. Nikamwambia yupo mama mmoja, siyo mimi, simjui vizuri, ana vipande vya kompyuta. Afanyeje?

Ashraf ni mtu mwema. Akaeleza. Ubao wa kijani ni mazabodi, huyo ndiye mama, wengine wote wanakaa kwake. Nikampenda hapo hapo. Chenye vijimeno ni prosesa, ndio ubongo. Kile kirefu chembamba ni ramu, ndio kumbukumbu. Akasema huyo mama akumbuke mambo matatu: vitu hivi havitaki unyevu, havitaki vumbi, na kisichoingia kisilazimishwe. Bora zaidi avilete dukani. Nikasema mama huyo ni mkaidi. Akasema pole yake, halafu akaniambia, "Shikamoo Mama Glory, mpe pole ya safari huyo mama."

Hajanijua.

Kwenye gunia kulikuwa pia na kibomba kama cha sindano, ndani dawa ya kijivu. Benedikto ana huruma jamani. Amekumbuka goti la shemeji yake. Nimempaka Baba Glory jioni, akasema ubaridi umeingia mpaka kwenye mfupa. Amesimama bila kushika ukuta.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewaza unyevu usiku kucha. Vipande vimetoka Dar es Salaam, mji umekaa baharini. Vitakosaje unyevu? Korosho zenye unyevu ghalani wanazikataa, unarudi na gunia lako watu wanakutazama. Sitaki kompyuta yangu ikataliwe.

Asubuhi nimetandika jamvi uani, nimeanika. Nimevigeuza kwa mkono kila baada ya muda, kama korosho. Halafu nimechambua. Mazabodi, prosesa na ramu, daraja la kwanza. Feni ina mkwaruzo, daraja la pili. Waya mmoja umepinda, nimeuweka pembeni na korosho mbovu.

Saa sita hivi nimeingia jikoni kugeuza mihogo. Nikarudi. Kuku wa madoa yuko katikati ya jamvi na watoto wake sita. Anawafundisha kula prosesa.

Nilipiga kelele nikajuta, maana alishtuka akairukia. Vijimeno vimelala kama mpunga baada ya mvua. Nimekaa kivulini na sindano ya kushonea, nimevisimamisha kimoja kimoja. Mama mkwe akauliza natoa nini. Nikasema funza. Akaridhika.

Glory kapiga simu. Anasema Mama mdogo kamkumbusha tena habari za Newala, kuna baridi nzuri. Nikamwambia na maji je, amekwambia habari za shida ya maji? Akacheka. Akasema atapenda kwanza kuiona kompyuta yetu. Nikasema inang'aa.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo vumbi. Uani kwetu mwezi wa nane ni vumbi tupu, na vipande vilishinda nje. Kitambaa hakifiki kwenye vijumba vya mazabodi. Kupuliza kwa mdomo ni mate, na mate ni unyevu. Nikakwama.

Ndipo nikaikumbuka mashine ya Baba Glory, ile ya kubeba mgongoni ya kupulizia mikorosho. Upepo wake unatikisa mti mzima! Nikapanga vipande vyote ndani ya kasha, nikavaa mashine, nikavuta kamba, ikanguruma.

Nilidhani ametoa salfa yote.

Hakuwa ametoa yote.

Wingu la njano. Sikuiona nyumba. Lilipotulia, kompyuta ilikuwa kama keki ya mayai. Nimepangusa kwa kanga nje nje. Ndani nimeona itajipangusa yenyewe feni ikizunguka. Ni feni, ndiyo kazi yake.

Kisha nimeunga. Saa nne nzima! Kila kitu kina tundu lake, kama watoto na viatu vyao. Ramu ilikataa kuingia. Nikakumbuka maneno ya Ashraf kwamba kisilazimishwe. Sikuilazimisha, nimeiegesha tu.

Zimebaki skrubu tisa. Nadhani ni nyongeza, kama muuza nyanya mzuri anavyoongeza. Nimefungia mlango wa choo uliokuwa unaning'inia tangu Pasaka. Sasa unafunga vizuri, mtu anaweza kufikiri humo ndani.

Kesho ni Nane Nane. Nitaiwasha mchana, watu wa nyumbani wote wawepo.

Ijumaa, 8 Agosti

Sina hamu ya kuandika. Lakini tuliambiwa kila siku.

Saa tano asubuhi bodaboda imesimama, kashuka Yuliana. Bila taarifa. Gauni jipya la bluu la kanisani, kilemba chake. Kasema Glory kamwambia kuna kompyuta Lulindi, naye kama mama mdogo kaona aje aihakikishe, mtoto asije akapoteza safari. Aihakikishe! Kama mkaguzi!

Nikamketisha mbele kabisa ya kompyuta, kwenye kiti kizuri. Nilitaka aone vizuri.

Nikawasha.

Feni ilizunguka, sitasema haikuzunguka. Ilizunguka kwa moyo wake wote. Salfa yote iliyokuwa ndani ikatoka kwa mkupuo mmoja kwa Yuliana. Kilemba njano. Gauni njano. Nyusi njano. Kompyuta ikalia ti, ti, ti kama kifaranga aliyepotea, skrini nyeusi tii.

Yuliana kafumbua macho taratibu. Kasema, "Dada, ahsante. Mwaka huu ubwiriunga hautanipata."

Huo ni ugonjwa wa mikorosho, ndio tunaoupulizia salfa. Baba Glory alicheka mpaka akajishika goti, akakumbuka haliumi, akacheka zaidi. Nimemnyima chai.

Yuliana kanawa, kala, kafungiwa na unga wa muhogo wa kupeleka, maana ni mdogo wangu. Ila mlangoni kampigia Glory mbele yangu. Kamwambia kesho ashuke Newala, huku hakuna kompyuta, kuna dawa ya mikorosho.

Alipoondoka nami nikampigia. Nikamwambia barabara ya Newala kesho ina vumbi baya sana, apitie njia nyingine, ya Mnazi Mmoja. Akauliza nimejuaje vumbi la kesho. Nikasema mama anajua.

Nimelia kidogo jikoni. Siyo kwa ajili ya kompyuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Amekuja! Saa tisa alasiri, na begi lake, na basi la Newala hilo hilo. Hakushuka kule. Anasema Mama mdogo alipomsimulia usiku mambo ya salfa alicheka ndani ya bweni mpaka wenzake wakaamka, akasema lazima aione kwa macho kabla haijafutwa.

Kaamkia watu wote, kamaliza, kafungua kasha. Kisha kaniuliza polepole, "Mama, hiki kinyesi cha kuku kimefikaje humu?"

Nimemweleza kila kitu. Jua, kuku, sindano, mashine. Kakaa chini kabisa, machozi yanamtoka, anacheka, ananishika mkono. Kasema vijimeno nimevinyoosha vizuri kuliko fundi.

Halafu kasema skrubu zinatakiwa, mazabodi haijafungwa popote. Tukaenda chooni tukazifungua. Mama mkwe alikuwa ndani. Tukamwomba radhi, akasema hata hivyo kulikuwa na giza.

Halafu kauliza dawa ya kijivu ya kupaka juu ya prosesa isiungue. Nikamtazama Baba Glory. Baba Glory akatazama mikorosho.

Kumbe kibomba kiko mfukoni mwake. Kumbe kuanzia juzi ana wagonjwa! Kapaka magoti ya wazee watatu, na kiuno cha mwimbaji mmoja wa kwaya. Akagoma kukitoa. Akasema prosesa haijawahi kulima. Glory kambembeleza, kamwahidi dawa ya kweli ya goti kutoka duka la dawa. Ndipo katoa. Lilibaki tone kama punje ya mchele. Glory anasema punje ya mchele ndiyo kipimo chenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Imewaka. Baada ya ibada, Glory kaisukuma ramu kwa vidole viwili, ikalia ka, ikaingia. Kumbe ndiyo ambayo kompyuta ilikuwa inaililia! Skrini ikawa na mwanga, kisha picha ya milima.

Kanikalisha pale. Kaniambia nibonyeze herufi za jina langu. Nimetafuta moja moja, muda mrefu, ugali ukapoa. SIJAONA. Likatokea kubwa, jeusi, limenyooka. Sikujua jina langu linaweza kukaa sawa hivyo.

Nimempigia Yuliana kumsalimia tu. Nimetaja kompyuta mara moja. Labda mara nne.

Alhamisi, 14 Agosti

Glory anaandika toka asubuhi. Mimi nakaa nyuma yake nachambua mchicha. Tuko vizuri sana.

Leo mchana kamaliza ripoti. Kaipeleka Masasi kwa Ashraf, ikatumwa chuoni, imepokelewa. Ashraf kamwambia amsalimie yule mama mkaidi.

Kisha wakati wa kula kasema sasa kazi imeisha, Jumatatu atakwenda Newala kwa Mama mdogo amalizie likizo huko, asije akakasirika. Na kompyuta itamfaa chuoni, akiondoka atapitia kuichukua.

Nikasema vizuri mwanangu. Nikamwongezea mboga.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kompyuta inaweza kuondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Kompyuta imeharibika. Imeanza kulia ti, ti, ti, skrini nyeusi. Glory kashangaa, jana ilikuwa nzima. Kafungua, kafunga, kakuna kichwa. Nimempa pole sana. Kasema basi Newala asiende kwanza, hawezi kuiacha hivi, itabidi akae mpaka apate kilichopungua.

Nami nikasema kama ni lazima, basi.

Daftari, uliambiwa usionyeshwe mtu, kwa hiyo nakwambia wewe. Ramu iko ndani ya chungu cha unga wa muhogo, chini kabisa, haina mkwaruzo. Kabla ya kuiweka nimeianika kidogo, kwa ajili ya unyevu. Safari hii kuku nilimfunga.

Ila swali langu ni moja. Wewe umekaa na wasomi kwenye semina, huenda unajua. Je, unga unaingia ndani ya ramu, au unabaki juu juu? Na ukiingia, unatolewa kwa mashine ya kupulizia? Baba Glory salfa ameitoa yote, ameniapia. Nisalimie karatasi zote zilizobaki. Tafadhali nijibu upesi, maana Glory ameshateka maji, anasema ugali wa leo anasonga yeye.