Ombi la Kupiga Marufuku Vioo vya Kuchomoa

Leonard Hruska,
Prairie Hollow, Nebraska.
2 Mei

Kwa Ndugu Stan Kubicek,
Mwenyekiti, Klabu ya Pikipiki ya Bonde la Elkhorn.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanachama wako kwa miaka thelathini na mmoja, niliyepasuka midomo kwa upepo wa majimbo tisa bila kulalamika. Sasa nalalamika.

Naomba, kwa heshima na taadhima, kabla ya msafara wa Jumapili wa kubariki pikipiki, klabu ipige marufuku vioo vya plastiki vya kukinga upepo, hasa vile vya kuchomoa, vinavyobanwa usukanini kwa vibanio vinne na kutolewa kwa dakika moja. Nina haraka, kwa kuwa mke wangu Darlene ameapa kwamba Jumapili hapandi nyuma yangu bila kioo hicho. Sababu zangu ni hizi:

1. Kioo cha kudumu nakidharau, lakini nakielewa. Mwenye nacho ametangaza uzee wake hadharani, Mungu amsaidie. Cha kuchomoa ni unafiki wenye skrubu. Anayekitumia anataka kifua chenye joto barabarani na sifa za ushujaa mbele ya baa. Njia mbili zilimshinda fisi, ndugu yangu, na fisi ana miguu minne. Sisi tuna magurudumu mawili.

2. Umeona mwenyewe, ingawa unajitia hamnazo, jinsi wanachama wanavyosimama nusu maili kabla ya baa ya Pavelka, wakachomoa vioo, wakavificha mtaroni kando ya shamba la Bi Agnes Novotny, kisha wakaingia mjini wametunisha vifua. Mwezi uliopita walirudi wakakuta mtaro mtupu. Bi Agnes alikuwa ameviokota vyote saba na kufunikia miche yake ya pilipili hoho. Mhazini wetu, Roger Petska, alipokwenda kudai chake, mama yule alimjibu: "Wewe si ndiye uliyepita hapa kifua wazi kama jogoo? Kioo umekipata lini? Hebu toka, unanikanyagia miche!" Roger akatoka.

3. Mwaka jana Padri Zelenka alimrushia Roger huyo huyo maji ya baraka. Yakagonga kioo, yakateremka hadi kwenye taa, yakadondoka chini. Kilichobarikiwa ni plastiki, nayo ikachomolewa kabla ya baa, Roger akaendelea na safari bila baraka hata tone. Mimi sitaki kuendesha karibu na mtu wa namna hiyo.

4. Leo kioo, kesho blanketi, keshokutwa paa, milango na hita ya miguu. Chombo hicho tayari kipo. Kinaitwa gari, na Darlene anatishia kuja nacho.

5. Hapa ndipo penye kidonda. Darlene aliniambia mezani, mbele ya dada yake: "Leonard, zamani nilijikinga upepo nyuma ya mgongo wako. Siku hizi mgongo wenyewe uko wapi? Tafuta kioo, mume wangu, la sivyo nawafuata na gari, nimebeba sandwichi." Nikamwambia mgongo ni ule ule. Akaniletea koti langu la ngozi la zamani nilivae. Mabega ya koti yakaning'inia, na shemeji yangu akacheka mpaka akasukuma sahani. Iliniuma, sifichi. Sijawahi kwenda kwenye baraka bila mikono ya Darlene kiunoni mwangu, wala sitaki kuanza sasa. Lakini kweli nisalimu amri kwa kipande cha plastiki?

Kwa hiyo naomba klabu ifukuze kila mwenye kioo. Nimepitia orodha: tutabaki mimi na mzee Ben Machacek, ambaye aliuza pikipiki yake miaka sita iliyopita. Tunatosha. Kanuni ikishapitishwa, Darlene ataona kwamba huu si ukaidi wangu bali ni sheria, naye atapanda kama kawaida.

Nisalimie mkeo Connie, Padri Zelenka, wapishi wote wa Pavelka, na hata Roger, ukimkuta.

Ni mimi, mwanachama mtiifu mwenye wadudu wa barabarani menoni,

Leonard Hruska

Baada ya sahihi: Darlene ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Aliinama akatoa kioo chini ya kitanda, kumbe alishakinunua. Nikakibana, kwa nia ya kuthibitisha ubaya wake tu, tukaenda mpaka ng'ambo ya mto. Kioo kilikata upepo, na kwa mara ya kwanza nilisikia maneno yake nyuma yangu. Tulipofika darajani akasema, bila hata kupaza sauti, "Polepole, Leonard. Naogopa." Nikamuuliza ameanza lini kuogopa. Akasema, "Tangu siku ya kwanza. Kwani kila daraja si huwa nakupigia kelele?" Ndugu Mwenyekiti, zile kelele mimi nilidhani ananishangilia. Nilikuwa nikizisikia, naongeza mwendo. Miaka thelathini na mmoja! Ombi langu lichane. Na Jumapili msitungoje kwa Padri: njiani kuna madaraja manne, na yote tutayavuka polepole.