Mlima Ulioshushwa kwa Amri

Tume ya Taifa ya Kuchagua Mahali pa Darubini Kubwa ina furaha kuwatangazia wananchi wote wa Chile kwamba mlima Quimsana, ambao tangu kuumbwa kwake ulikuwa na mazoea ya kuwa na urefu wa mita elfu tano, kuanzia Jumatatu una mita ishirini na tano. Hakuna aliyeumia.

Aliyeandika tangazo hilo ni mimi, Leandro Ossandón, katibu wa Tume. Nalitaja hilo si kwa majivuno, ila kwa sababu kuna watu ofisini wameanza kudai kwamba wazo lilikuwa lao.

Darubini ilishindaniwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni mlima wenyewe, huko jangwani kaskazini, ambako mvua husimuliwa tu na anga la usiku halina hata doa. Ya pili ni Caleta Morro, pwani, ambako ukungu huingia kila jioni kama mgeni aliyezoea kulishwa, na ambako pana hoteli inayopika supu ya samaki ya kutajika. Mwenyekiti wetu, Naibu Waziri Evaristo Larrondo, aliipenda sana ile supu.

“Mheshimiwa,” alisema Dokta Nayadet Huircán, mtaalamu wetu wa nyota, “pwani hatutaona nyota hata moja.”

“Nyota zipo, Dokta. Kinachosumbua ni ukungu, na ukungu una wizara yake.”

Hoja hiyo niliiandika kama ilivyo. Tatizo lilikuwa sheria. Sheria inataka mwenyekiti akanyage kwa miguu yake kila sehemu inayoshindaniwa ndipo atoe uamuzi. Mlimani alishajaribu mara moja. Kabla hata ya kufika nusu ya safari alishikwa na puna, ule ugonjwa wa watu wa mabondeni wanaopanda juu kwa pupa, akatapika ndani ya kofia. Kofia ilikuwa yangu. Daktari wake akampiga marufuku kupanda juu zaidi ya chumba chake cha kulala kule Viña del Mar, ambacho kiko mita ishirini na tano kutoka usawa wa bahari.

Huku sheria, huku daktari. Wenzangu wakashika tama. Mimi nikashika kalamu. Ikiwa mheshimiwa hawezi kuufuata urefu wa mlima, basi urefu umfuate mheshimiwa. Mistari miwili, mihuri mitatu, kazi ikaisha. Tena ilileta faida ambayo hata sikuitarajia: mlima na pwani sasa vilikuwa sawa kwa kimo, na supu ikabaki bila mpinzani. Uamuzi wa kuipeleka darubini pwani ulikuwa tayari umechapwa, umo mfukoni mwa mheshimiwa. Ilibaki miguu tu.

Wiki hiyohiyo akaja ofisini kwangu Mama Elsira Colque, mwenyekiti wa kijiji cha Cumire, chini kidogo ya mlima. Alikaa bila kukaribishwa.

“Mwanangu, boza la maji halijaja. Watoto wanakunywa kwa zamu.”

“Mama, maboza ni ya vijiji vya jangwani. Nyinyi sasa ni watu wa pwani.”

“Pwani ipi?”

Nikamweleza kwa upole. “Kilele kina mita ishirini na tano. Kijiji chenu kiko mita elfu moja chini ya kilele. Kwa hiyo, kitaalamu, mko chini ya bahari.”

“Chini ya bahari.”

“Karibu kilomita nzima.”

“Na hatuna maji ya kunywa.”

“Hilo ni suala la mgawanyo, mama.”

Alisogeza kiti karibu. “Sikiliza. Darubini ikija mlimani, inakuja na bomba, na bomba halina njia ila kwetu. Bomba hilo tumelingoja tangu marehemu mume wangu ana meno yote. Ikienda pwani, tunahama. Lama tunaowafuga hawanywi supu.”

Nilimtuliza. Serikali haikuwa imewasahau. Ni kweli iliichukua mitungi ya oksijeni ya zahanati, kwani ufukweni nani hukosa hewa? Lakini iliwapelekea mwokoaji wa waogeleaji, mwenye kaptura na filimbi, ambaye usiku wa kwanza alilala amejifunika mablanketi yote ya Mama Elsira. Na idara ya maafa, ambayo katika nchi hii haimsahau mtu yeyote wa pwani, ikasimika king'ora cha tsunami pamoja na vibao vya mtu anayekimbia wimbi. Alitakiwa mkuu wa uokoaji wa kijiji. Mama Elsira akajitolea, akapewa kizibao cha rangi ya chungwa. Nilimsifu kwa uzalendo wake.

Siku ya miguu ikafika. Palikuwa na tarumbeta na empanada za moto, zile sambusa za kwetu. Mheshimiwa alishuka garini ana rangi ya jibini.

“Ni ishirini na tano tu, mheshimiwa,” nikamnong'oneza.

“Najua. Huu ni uchovu.”

Akakanyaga jiwe la kwanza la mlima, akatia mkono mfukoni autoe uamuzi. Hapo ardhi ikatetemeka. Lilikuwa tetemeko dogo, la aina ambayo sisi hatuweki hata kikombe chini. Lakini king'ora hakijui dogo. Kililia.

“Walio chini ya mita thelathini wote wapande juu!” Mama Elsira alipaza sauti. “Ni sheria! Wakubwa mbele!”

“Mama, wimbi litoke wapi hapa?” mheshimiwa akauliza.

“Baharini. Sisi tuko chini yake. Muulize katibu wako.”

Nikathibitisha. Ningefanyaje? Mihuri ilikuwa mitatu.

Tukapanda. Wanakijiji walikwenda pole pole, wakitafuna majani yao ya koka, yanayozuia puna, na kusengenyana. Mheshimiwa alikuwa mbele, kama sheria inavyotaka, akihema.

“Tumefika thelathini?”

“Wapi!” akasema Mama Elsira. “Hapa samaki wanapita juu ya kichwa chako.”

Tukaenda tena.

“Na hapa?”

“Bado tumezama, mheshimiwa. Vuta pumzi.”

“Pumzi haipo!”

“Ndivyo, ukizama huwa haipo.”

“Nipeni oksijeni!”

“Ilirudishwa wizarani,” alisema muuguzi wa zahanati ya kijiji. “Ufukweni haina kazi.”

Mheshimiwa akakaa chini kwenye changarawe, suti na yote. “Hizo mita thelathini ziko wapi, mama?”

“Hazipo. Mlima wako unaishia ishirini na tano.”

Nilipiga hesabu. Alisema kweli. Nakiri niliona fahari: amri yangu haikuwa na tundu hata moja.

“Sasa nifanye nini?” mheshimiwa akauliza.

“Urefushe mlima, mwanangu.”

Alitia saini amri mpya juu ya mgongo wa mwokoaji, na Quimsana ukarudia mita zake elfu tano. Akanyoosha mkono. “Oksijeni.”

“Mlima mtupu hauna haki ya oksijeni,” alisema Dokta Nayadet, aliyekuwa amepanda nasi, akifungua karatasi nyingine, ya kuileta darubini mlimani. “Kituo cha serikali kilicho mlimani kinayo. Hiki hapa.”

Mheshimiwa aliisaini kabla Dokta hajamaliza kusema. Muuguzi ndipo akakumbuka kwamba mtungi mmoja ulisahaulika, na kwamba umefungwa mgongoni mwa lama, chini ya blanketi.

Kule Santiago mheshimiwa aliwaeleza waandishi wa habari kwamba aliupanda Quimsana kwa miguu yake mwenyewe, bila oksijeni, na kwamba hewa ya juu inampenda. Serikali ilisoma kila neno. Ikamteua mkurugenzi mkazi wa darubini, kileleni, kwa miaka minne, yeye na katibu wake.

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga. Hawakutaja mwaka.

Nyota zinaonekana, tena vizuri mno. Naandika sentensi fupi kwa ajili ya pumzi. Bomba limefika Cumire. Kutoka Cumire hadi huku juu ni awamu ya pili, ambayo inangoja kikao cha Tume, na Tume haiwezi kukaa kwa kuwa mwenyekiti wake haruhusiwi kuondoka kituoni. Jana alinituma nikamwombee maji ya kuoga. Nilimkuta Mama Elsira akimwagilia maharage kwa mpira. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Mwanangu,” akauliza, “umekuja na ndoo?”