Bakari wa Kwenye Mnara

Jamani, sina uso. Uso wangu nimeuacha nje ya kanisa asubuhi hii, mbele ya watu kumi na mmoja na sufuria la pilau.

Mnajua nimejiunga na kile kikundi cha historia cha hapa kwetu Ilford, London. Wastaafu watupu. Kazi yao ni kuchunguza askari walioandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu nje ya kanisa, wale waliokufa Vita Kuu ya Kwanza: nani alizaliwa wapi, alifia wapi. Wanakunywa chai na kubishana mwezi mzima juu ya herufi moja. (Moyoni nilikuwa nawacheka.)

Wiki tatu zilizopita nikapita pale mnarani mwenyewe. Jiwe limejaa ukoga wa kijani. Nikasoma, nikaganda. BAKARI! Mwafrika mwenzetu, kwenye jiwe la Wazungu, miaka yote hii hakuna aliyemtaja! Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu letu la Watanzania: "Wametuficha!" Picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Nani anajali?

Dakika kumi hazijaisha, simu ikalia. Mzee Bakari wa Kilburn, mtu wa Tanga.

"Mwanangu Neema, nimelia. Mdogo wake babu yangu alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo vitani. Hakurudi. Jina hili nimerithi kwake."

"Mzee wangu, ndiye huyo!"

Ndiye huyo! Mpagazi aliyechukuliwa Tanga, vita vyake vikapiganwa hukohuko kwetu, aje aandikwe kanisani London kwa sababu gani? Sikujiuliza. Na digrii ninayo.

Mwenyekiti wa kikundi, Trevor, tarishi mstaafu wa posta, nilimwambia tu aje leo ashuhudie jambo zito la jina moja pale mnarani. Akauliza, "Umelinganisha na daftari la kanisa?"

"Trevor, mimi nina macho." (Nikamwona na yeye ni walewale.)

Saa tano tukakusanyika. Mzee Bakari kavaa kanzu, kofia na koti zito, mkononi shada la maua lenye kibao: BABU. Mama Rehema wa grupu letu kaja na pilau, na simu yake inarusha kila kitu moja kwa moja mpaka Tanga. Nikahutubia. Niliwasema Wazungu mpaka jasho likanitoka na baridi yote ile. Nikamalizia kwa sauti ya kutetemeka: "Bakari, ndugu zako tumefika!"

Nyuma yangu, sauti ndogo: "Samahani, Bakari ni nani?"

Bibi kizee wa Kiingereza. Mkono mmoja mkongojo, mkono wa pili kindoo cha maji na brashi. Nikamwonyesha jina kwa kidole, kwa dharau kabisa. Akavaa miwani. Akachovya brashi. Akasugua.

Ukoga ukatoka. Ile A ya pili haikuwa A. Ilikuwa E. Na ile I ya mwisho ilisimama mbali kidogo na wenzake, kama mtu asiyehusika.

BAKER I.

"Ivor," akasema bibi. "Baba mdogo wa mama yangu. Alikuwa anauza maziwa mtaa wa pili. Huwa namsafishia kila mwaka, ila mwaka jana niliumwa."

Nikatazama jiwe lote. Jina la ukoo, kisha herufi moja. Yote! Juu mpaka chini! Trevor akatoa nakala ya daftari la kanisa mfukoni, akanipa. Ukurasa wa kwanza, mstari wa pili: Baker, Ivor.

Mzee Bakari bado ameshika shada. "Sasa, mwanangu," akaniuliza taratibu, "mimi nimeshalia. Machozi yangu nayapeleka wapi?"

Hapo utani uliniishia. Babu yake wa kweli hana jiwe popote, na mimi nimempa la kuazima.

Yule bibi hajui Kiswahili, lakini uso wa mtu aliusoma. Akamshika mzee mkono. "Ivor hakuacha watoto. Weka tu maua yako." Mzee akainama, akayaweka, akamwambia ni ya wote wawili.

Nikadhani yameisha. Mara simu ya Mama Rehema ikapaza sauti ya shangazi mmoja wa ukoo wa Mzee Bakari, kutoka Tanga:

"We Neema! Huyo Ivo ndiye nani? Jana tumesoma hitima hapa! Kuku kumi na wawili tumechinja!"

Muuza maziwa wa Kiingereza, mtoto wa kanisani, kasomewa hitima Tanga na ukoo mzima ukaitikia amina! Trevor akaomba atafsiriwe. Mama Rehema akamtafsiria, neno kwa neno. (Huyu mama simsamehi.)

Naomba msinicheke. Ila mwenye kumjua shehe wa kuniambia kama hitima inahamishika, anitumie namba yake.