Dirisha la Tangi la Samadi

Dagoretti Corner, Nairobi
Jumapili, Machi 1957

Kwako Bwana Mhariri,

Salamu kwanza, kisha moshi. Moshi nilikuwa nimeuaga, mpaka Bwana Mkaguzi wa Afya aliponirudishia.

Mimi ni fundi wa mabati. Samadi ya ng'ombe wangu wanne naichanganya na maji, ndoo kwa ndoo, naitia katika tangi nililolichomelea mwenyewe, lisilopitisha hewa hata ya kupigia mluzi. Humo wadudu wasioonekana huila, wakatoa gesi, na mke wangu Peres akachemsha chai ya hoteli yake bila kuni. Hewa ikiingia, wadudu hufa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne Bwana Mkaguzi alisimama barabarani, akaziba pua, akasema zizi langu linanuka. Mimi ni mtu wa kutii. Jumatano nikaliosha kwa dawa kali ya choo, madebe matatu, na kwa kuwa situpi kitu, maji yale yote nikayamimina tangini.

2. Ijumaa akarudi, akaufungua mfuniko kwa mkono wake ili samadi ipumue. Nikamwambia, Bwana, hiki si chumba, ni tumbo. Akaandika.

3. Ameamuru nikate dirisha la futi mbili kabla ya kesho jioni, la sivyo tangi livunjwe. Nangoja akate madirisha kwenye magurudumu ya gari lake pia. Hewa ya mle ni ile ile tangu Krismasi, maskini.

4. Jana akina mama arobaini wa kanisa walikuja kwa chai. Moto hakuna! Peres alipuliza makaa mpaka macho yakaiva, na Mama Lornah akauliza, kanisa zima likisikia, kama gesi ya fundi nayo imekwenda likizo.

Basi naomba amri ifutwe. Bwana Mkaguzi aje apulize makaa mwenyewe mpaka wadudu wazaliane upya. Waliokufa awazike kwa heshima, kila mmoja na kaburi lake, lenye dirisha. Kwa hesabu yangu hawapungui milioni tisini. Mashamba yote ya Karen hayatatosha.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa mpanga herufi, asinivurugie namba.

Ni mimi, mwenye tangi lililozibwa sawasawa,
Tobias Sifuna, Fundi

Nyongeza: Peres ameisoma barua hii kabla sijabandika stampu. Anasema moto ulizimika Alhamisi, siku moja kabla ya mfuniko kufunguliwa. Alinunua makaa akanyamaza, asinivunje moyo. Ananiuliza dawa ya choo kazi yake ni kuua nini. Sasa sina budi kulifungua tangi na kulimwaga lote. Bwana Mkaguzi akipita kesho akalikuta wazi, tafadhali mwambieni sijamtii.