Jicho la Kushoto la Gari Langu

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, ukweni, na aliyenivua ni gari langu mwenyewe. Kaeni vizuri. Mwenye chai mdomoni aimeze kwanza.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Napeleka watalii kreta, Ngorongoro, na lile gari refu la kampuni ambalo ukikaa ndani unaona mpaka mgongo wa tembo. Wiki nzima naishi juu juu. Ndiyo maana nikirudi nyumbani Karatu nataka kitu cha kukaa chini. Nina kigari cha michezo, cha zamani, milango miwili, chekundu (siku hizi wekundu wa vumbi umeushinda wa rangi), nilichokinunua kwa mtafiti mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Raha yake ni taa za mbele. Zimefichwa ndani ya boneti. Ukiwasha, zinachomoza kama macho ya chura. Ukizima, zinalala. Watoto wa mtaani wakiniona tu wanasema, "Anko, liamshe."

Fundi wake ni mimi. Gereji ni uani kwangu, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Springi nimezikata mwenyewe kwa msumeno ili gari lilale chini. (Limelala kweli. Likipita juu ya punje ya mahindi linajua.) Ekzosi nimebadilisha mwenyewe. Na juzi nikafunga honi mpya niliyoitoa Arusha. Honi ya mluzi. Si mluzi wa kuita mbwa. Ni ule wanaopiga vijana wa kijiweni msichana akipita: fiii, fiuuu.

Sasa honi inataka umeme. Waya wake ulikuwa mbali, na mimi nilikuwa nimelala chini ya gari, shingo imeshakakamaa. Karibu na mkono wangu ulipita waya wa mota inayoinua taa ya kushoto. Nikaunganisha hapohapo. Nikazungusha tepu nyeusi. Nikabonyeza, mluzi ukalia safi. Nikajiita injinia, kwa sauti, nikiwa peke yangu na kuku.

Mchumba wangu Vero, ambaye ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii, alipita jioni akaisikia.

"Eli, hiyo honi utaitoa kabla ya Jumamosi."

"Kwani Jumamosi nitapiga honi?"

"Nakujua wewe."

"Mkono wangu hautaigusa. Nakuapia."

Na kweli jamani, mkono wangu haukuigusa. Naomba hilo lieleweke.

Jumamosi ndiyo leo. Posa. Kwao Vero ni Endabash, Wairaqw, watu wa shamba na mifugo. Mimi asili yangu ni Singida. Babu alikuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya huku, na tukabaki. Baba yake Vero alikuwa ameshatukatalia kikao mara mbili. Hakuwa na ugomvi na ukoo wangu. Ugomvi wake ulikuwa na kazi yangu. "Madereva wa watalii," alimwambia binti yake, "macho yao hayatulii." Safari hii alikubali kutusikiliza, akasema ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo leo ilikuwa nipate mke au nirudi kuongea na kuku.

Msemaji wangu alikuwa Ba'mdogo Yona, mdogo wa marehemu baba. Alishauri tukodi gari la maana. Nikakataa. Nikasema mwanaume anaenda ukweni na chake. (Kiburi hakina dawa.)

Njiani Ba'mdogo alinifundisha adabu, goti likiwa karibu na kidevu.

"Ukifika, macho chini. Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni. Akikupa kikombe, pokea kwa mikono miwili, angalia kikombe."

"Sawa Ba'mdogo."

"Ukimwangalia usoni, mimi navaa kofia yangu naondoka. Utabaki hapo na hiki kibati chako."

Kila tulipofika kwenye korongo la barabara, Ba'mdogo alishuka kupunguza uzito, akatembea kwa mguu huku mimi nikipitisha gari upandeupande. Mara nyingi alinisubiri mbele. Tumbo la gari lilikwaruza, tukatikisika, vumbi likaingia mpaka masikioni. Mimi nilihangaikia ekzosi. Waya wangu na tepu yangu sikuvikumbuka hata kidogo.

Tukafika. Sasa hapa msikilize vizuri. Kazini kwetu dereva hapaki kwa kuingiza pua. Unarudi kinyumenyume, pua inaangalia njia, ili kukitokea jambo uondoke haraka. Nikaanza kurudi nyuma kwa mazoea. Ba'mdogo akanishika mkono.

"Unafanya nini? Mtu anakuja kuoa huku gari liko tayari kukimbia? Elekeza pua kwa wenyeji."

Nikaelekeza pua kwa wenyeji. Nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikateremka nimeinama tayari.

Viti vilikuwa vimepangwa uani. Wenyeji walikaa wakiiangalia njia, sisi tukakaa tukiwaangalia wao. Maana yake gari lilikuwa nyuma yetu na mbele yao. Ba'mdogo akafungua kikao vizuri sana. Akasalimia, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akaingia taratibu kwenye habari ya kuku wetu jogoo aliyeona punje kwenye uwanja huu. Mimi macho chini. Nilikuwa naona udongo mwekundu, viatu vya Mzee, na sisimizi wawili wakihamisha kitu.

Mama akatoka ndani. Nilimjua kwa ndala zake za njano, juu ya hapo sikupanda. Ndala zikaja hatua chache. Zikasimama. Zikaja tena. Zikasimama tena.

Pembeni mwanamke mmoja akakohoa. Mwingine akakohoa zaidi. Nikajua ni vumbi letu.

"Kijana," Mzee akaita, "gari lako umelizima?"

"Nimelizima, Baba. Ufunguo huu hapa." Nikauinua juu bila kuinua uso.

"Umelizima kabisa?"

"Kabisa, Baba."

"Haya, endeleeni," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayehesabu mbuzi na hesabu haikubali.

Ba'mdogo akanifinya goti kwa furaha. Aliona kikao kimetulia, watu wanasikiliza, kijana wake ameinama kama anatafuta sindano. Nami nilijisikia vizuri. Nikasema moyoni, leo Mzee ataona kama macho ya dereva hayatulii.

Ndala za njano zikafika mbele yangu. Mama akainama, akaninyooshea kikombe cha maziwa ya mgando. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikaangalia kikombe. Na nyuma yangu, wazi kabisa, ikasikika:

Fiii, fiuuu.

Jamani. Nikainua macho. Nikamwangalia mama mkwe usoni, moja kwa moja, mdomo wazi. Naye hakuwa ananiangalia mimi. Nikageuka kufuata anachokitazama.

Taa ya kushoto ya gari langu ilikuwa inachomoza. Peke yake. Ya kulia imelala. Ikapanda, ikasimama, ikashuka. Mota ile ni ya zamani, haina haraka. Ilikuwa inakonyeza polepole, kwa hisia. Na kumbe ilianza zamani! Mama alipotoka ndani, imemkonyeza. Alipokaribia, imemkonyeza. Kikao kizima kimeona, kimemeza, kimenyamaza kwa heshima. Asiyejua ni mimi na Ba'mdogo tu. Tepu ilikuwa imelegea njiani, waya zinagusana na kuachana zenyewe, na sasa honi nayo ilikuwa imejiunga na mwenzake.

Nikakimbia. Maziwa yakabaki kwenye suruali. Boneti haifunguki, kwa sababu ule waya wa kuifungulia niliutoa mwenyewe ili kupunguza uzito (msiniulize), siku hizi nafungua kwa bisibisi. Bisibisi iko Karatu, dirishani. Gari likakonyeza tena. Fiii, fiuuu. Mama akapiga hatua moja nyuma.

Nikafanya kilichokuja kichwani. Nikaikalia taa.

Nilidhani uzito wangu utaishinda. Haukuishinda. Kila baada ya muda mfupi mota ilijikaza chini yangu, tako moja likanyanyuka taratibu, mluzi ukalia, kisha nikateremshwa. Nikawa napanda na kushuka mbele ya wakwe zangu, nimekunja mikono, najaribu kuonekana mtu mwenye shughuli ya kawaida.

"Kijana, shuka hapo," akasema Mzee.

"Baba, nikishuka litamwangalia tena Mama."

Hapo ndipo wanawake wa pembeni wakashindwa. Mmoja alikaa chini kabisa. Ba'mdogo akasimama, akavaa kofia yake kama alivyoahidi, akapiga hatua mbili. Kisha akakumbuka usafiri ni huohuo nilioukalia. Akavua kofia, akarudi kuketi.

Vero akatoka jikoni na kisu. Hakuniangalia. Nikashuka, akachokonoa boneti pale nilipomwonyesha, ikafunguka, akaingiza mkono, akakata. Mluzi ukafa katikati, fii. Akaniwekea kipande cha waya kiganjani, akanifungia vidole. Hakusema "nilikwambia." Hakuna haja, uso ulikuwa umeshamaliza.

Mama naye akaja. Akavua kitenge begani, akakilaza juu ya taa zote mbili, akakifunga fundo kama anambeba mtoto. Akasema kitu kwa Kiiraqw. Ua mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Mzee. Mzee alisimama, akawaita ndugu zake, wakaenda kuzungumza nyuma ya zizi.

Hapo sikucheka. Niliogopa kweli. Nilikuwa naona ndala za njano tena, na nilikuwa nafikiria maisha yangu bila Vero, na sababu ni kwamba nilifanya uvivu wa kunyoosha mkono kuufikia waya mwingine. Nilitamani kulia.

Wakarudi. Mzee akaketi.

"Ng'ombe wangu akiingia shamba la jirani, nani analipa?"

"Wewe, Baba."

"Gari lako likimkonyeza mke wangu?"

"Mimi, Baba."

"Likampigia na mluzi."

"Mimi pia, Baba."

"Basi kuna faini. Kondoo jike, mnono, asiye na kasoro. Utamletea mama yako kesho, baada ya ibada. Na hilo gari lisikanyage hapa mpaka lijifunze adabu."

Nikasema nimesikia. Ba'mdogo akainamisha kichwa. Ndipo Mzee akamgeukia.

"Nilisema madereva macho yao hayatulii. Leo nimemtazama huyu tangu ameshuka. Yeye macho yake yametulia. Ya gari ndiyo mabovu. Endelea na habari ya jogoo wako."

Alisema "mama yako," mmesikia? Mimi nilikuwa nimechelewa kuelewa. Vero ndiye aliyetangulia kutabasamu, akiwa bado ameshika kisu.

Wakati wa kuondoka nilimwomba anitafsirie maneno ya Mama. Alikataa, nikambembeleza mpaka mlangoni mwa gari.

"Amesema miaka yote hii ameolewa, wa kumkonyeza amekuja leo, na hata si mtu."

Kitenge hakuna aliyethubutu kukifungua. Nimerudi nacho mpaka Karatu mjini, gari limefungwa macho. Pale sheli madereva wenzangu walikuwepo wote, na magari yao marefu. Mmoja akauliza kama linaumwa kichwa. Ba'mdogo akajibu kabla yangu: "Linatubu."

Kondoo nimeshampata, kwa jirani. Jike, mnono, manyoya safi. Nilimchukua harakaharaka kabla jirani hajabadili mawazo, nikamfunga uani hapa karibu na gari. Sasa hivi nimetoka kumpa majani, nimeketi mbele yake, ndiyo namwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Jicho lake la kushoto linatoa machozi. Anafumba, anafumbua. Hilo moja tu. Polepole, kwa hisia.

Msicheke. Mwenye kujua dawa ya macho ya kondoo aniandikie kabla ya ibada ya kesho.