Rubani Asiyetaka Kupaa

Jumatano hiyo, kahawa ya kwanza haijashuka kooni, Bazilio alikuwa ameshawasha simu na kukohoa. Pale kwa Faudhia muuza kahawa, nyuma ya stendi ya Kasulu, Bazilio akikohoa watu husogeza benchi. Mwenyewe hujiona chombo cha habari. Wenzake wamempa jina la Habari Moto kwa sababu nyingi za habari zake huwa zimepoa siku tatu.

"Sikilizeni. Ndege imetoka Dar na abiria wake, imefika juu ya Kigoma, imekuta wingu. Ikazunguka, ikazunguka, ikageuza, ikarudi Dar."

"Na abiria?" aliuliza Pasikali.

"Sasa wangeshukia wapi, kwenye wingu?"

"Mana yanje, Mungu wangu! Yaani mtu kaaga nyumbani Dar, kasafiri asubuhi nzima, kafika Dar!" Pasikali alijipiga paja. Huyu ndiye Konda Mstaafu. Aliacha kazi ya ukonda zamani, ila mdomo wake haujashuka kwenye basi mpaka leo. "Basi hata likiharibika, linaharibikia mbele. Kurudi nyuma, oya, hapana!"

Benchi zima likaangua kicheko. Aliyechelewa kucheka ni Reverien, mnunuzi wa maharage, na alipocheka alicheka kwa meno tu.

Wiki mbili mfululizo alikuwa ametamba hapo hapo kwamba harusi ya binti yake Jeanne, huko Dar, ataiendea kwa ndege. Abdalah akambatiza Rubani, na jina likashika mji. Watoto wa jirani walikuwa wakimuuliza leo ameegesha wapi. Sasa harusi ni Jumamosi, na Jeanne ameandika: Baba, nikukatie ndege ya Ijumaa au basi la Alhamisi alfajiri? Nijibu kabla ya Jumatano mchana. Ujumbe huo ulikuwa umelala kwenye simu ya Reverien tangu jana, na yeye hakuwa amelala. Kila alipofikiria chuma kizito kile kikikaa hewani bila kushikiliwa na mtu, aliifudikiza simu.

Angekuwa na amani na basi kama lisingekuwa na historia. Alipoozesha binti wa kwanza, Spesioza, kule Morogoro, alipanda basi mapema kabisa. Basi likafia porini mbele ya Nzega, na Reverien akafika watu wanakunja turubai. Mdogo wake Nkunzimana ndiye aliyemshika bibi harusi mkono. Kwenye picha zote Nkunzimana anatabasamu kama aliyemzaa yeye. Jeanne, ambaye siku ile alikuwa bado shule, aliapa mbele ya baba yake: "Mimi usiponishika mkono wewe, sitembei. Watanisubiri kanisani mpaka mishumaa iishe."

"Rubani," aliita Abdalah, "leo mbona injini imezima?" Abdalah, au Pwani, ana duka la vitambaa. Ameishi Kasulu miaka thelathini, lakini ukimsikia utadhani alishuka jana kutoka Pangani.

"Injini nzima. Nafikiria pombe."

"Astaghfirullah, asubuhi yote hii?"

"Rubisi ya harusi, Abdalah! Wewe mambo yetu unayajua."

Aliyajua, kama kila mtu pale. Kwa kina Reverien, harusi isiyo na rubisi, pombe yao ya ndizi, ni mkutano wa kawaida. Baba wa binti hufika na kidumu cha pombe iliyokamuliwa kwa ndizi za shamba lake, wazee wa pande mbili wakatumbukiza mirija yao humo kwa pamoja, ndipo maneno mazito yanapoanza kusemwa. Wakwe wa Dar walishaambiwa na wanaisubiri kwa hamu. Reverien alikuwa amekikumbatia kidumu hicho kwa sababu ndicho kisingizio pekee kilichobaki.

"Sasa pombe inayochemka utaipandishaje ndege?" alisema, na uso ukamchangamka kidogo. "Hawaipokei. Kwa hiyo mimi nataka ndege, tena sana, ila kidumu ndicho kinachokataa."

"Hapo umenena!" Pasikali aliruka. "Rubisi ni abiria wa basi. Kwenye basi hakuna anayemuuliza mtu umebeba nini. Nimebeba mbuzi mimi. Nimebeba jeneza likiwa na mtu amekaa juu yake anakula mahindi."

"Na lile dumu lililolipuka Singida," alichomeka Faudhia, "hulitaji?"

Faudhia ndiye Spika wa bunge hilo. Hugonga birika kwa kijiko, na asiyenyamaza hanyweshwi. Kahawa yake ndiyo katiba.

Pasikali akainamia kikombe. "Lile lilikuwa jambo la kiufundi."

"Tusimulie ufundi wenyewe."

"Si kuna mama mmoja wa Muyama alipanda na rubisi, mdomo wa dumu kauziba kwa jani la mgomba, kama kawaida, ili ipumue. Mimi nikaona itamwagikia mizigo ya watu. Nikatoa jani, nikatafuta mfuniko, nikakaza kwa koleo."

"Yoo!" Reverien alishika kichwa. "Ulikaza mfuniko wa rubisi? Wewe Muha gani?"

"Nilikuwa kijana, nimevaa sare. Tulipofika Singida, jua hilo! Dumu likavimba tumbo, likapiga, pwaa! Tairi za nyuma zikasingiziwa, dereva akasimama. Kumbe palikuwa na mchungaji kiti cha saba, suti nyeupe. Alishukia Manyoni ananukia kilabu, na waumini walikuwa wamekuja kumpokea kwa nyimbo."

Abdalah alicheka mpaka kofia ikaanguka. Faudhia aligonga birika.

"Hoja ya basi imelipuka," alisema. "Nani anatetea ndege?"

"Mimi," alisema Bazilio. "Ndege ni usingizi mmoja. Unafunga mkanda, unapewa maji, unashuka. Barabara hiyo ya Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Kahama, mpaka uione Dodoma makalio yameshakuwa chapati. Rubani asituaibishe! Ijumaa asubuhi tunakodi gari, tunamsindikiza uwanjani Kigoma, tunampungia."

"Umewahi kupanda?" aliuliza Reverien, na swali lake lilikuwa la kuomba msaada kuliko la kubishana.

"Nimewasoma waliopanda."

"Mimi nimepanda," Abdalah alisema polepole, akipangusa kofia. "Kwenda Unguja. Na nakwambia kaka, usipande. Kile chombo kinayumba, watu wanatapika, maji yanaingia..."

"Maji?" aliuliza Faudhia. "Ndege inaingia maji?"

"Ya mvua."

"Pwani, hiyo ni boti. Mke wako Mwajabu alinihadithia. Ulitapikia juba lake."

Watu waligaragara. Reverien hakucheka. Aliona kwamba kwenye benchi lile, ambako ndege ilikuwa imejadiliwa wiki mbili kuanzia magurudumu mpaka mkia, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ndani yake. Alikuwa amewaamini kama madaktari.

"Tuseme kweli," alisema Pasikali kwa sauti ya huruma, mkono begani kwa Reverien, "sisi tunakupenda. Basi ni la ndugu. Unakaa na watu, unajua nani kafa wapi, unakula..."

Chini ya benchi, jogoo akawika.

Jogoo akawika tena, safari hii kwa urefu. Faudhia aliinama, akavuta kikapu cha ukindu, na kichwa chekundu kikajitokeza kati ya nyasi.

"Mheshimiwa Konda," alisema, "huyu naye mjumbe?"

"Ni... ni wa shangazi yangu. Yupo Tandika. Anatamani sana jogoo wa kwetu."

"Kwa hiyo upendo wako una manyoya." Faudhia akamgeukia Abdalah. "Na wewe, lile galoni la mawese ulilolificha nyuma ya mlango wangu tangu jana ukasema ni la taa?"

"La dada yangu Zaitun, Mbagala," Abdalah alikiri. "Na samaki kidogo, migebuka. Mfuko mmoja. Miwili."

"Ndiyo maana ndege inaingia maji! Ndegeni hamna nafasi ya mawese!" Reverien alisimama. Alikasirika kweli, mishipa ya shingo ikamtoka. "Mimi nafikiria mtoto wangu, nyie mnanipimia buti la mizigo! Bazilio peke yake ndiye mtu."

"Bazilio ana wakwe Kigoma mjini," alisema Faudhia bila kuinua macho. "Ameshawaambia anafika Ijumaa, kwa gari ya kukodi. Gari ya kukusindikiza wewe."

Habari Moto alificha uso nyuma ya simu, kama anayesoma habari za nchi nyingine.

Hapo simu ya Reverien ikaita. Aliitazama ikiita, na kama angeachwa angeendelea kuitazama mpaka jioni, lakini Bazilio, ambaye hawezi kuona habari ikimpita, alinyoosha kidole akapokea na kuweka sauti ya nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu Jeanne."

"Baba, umechagua? Mwenzio mama alinijibu tangu Jumapili."

"Mama yako kajibu nini?"

"Ndege."

Reverien alitaka kusema kitu, lakini aliwaona wenzake wote wamesimama kwa heshima wakitazama nyuma yake. Akageuka. Theodosia, mke wake, alikuwa amefika na koti la mumewe la harusi mkononi, limetoka kwa fundi sasa hivi.

"Mwakeye, waheshimiwa," alisalimu Theodosia. "Nimeona kikao kirefu, nikasema nilete vazi la mwenyekiti."

"Mama Spesioza," Reverien alisema kwa haraka, "ndege ni nzuri, tena mimi ndiye niliyeisema kwanza. Lakini rubisi? Hebu waambie hawa. Rubisi haipandi ndege!"

"Haipandi. Na kwenye basi ingefika siki."

"Enhe! Sasa?"

"Kwani ndizi zangu hujaona kwamba hazipo shambani?"

"Nimeona. Nikakuuliza, ukasema zinaiva."

"Si zinaiva? Niliziweka kwenye basi la Jumapili, mbichi, mikungu sita, nimezifunga na majani yake. Mle kwenye buti joto lake ni la shimo la kuivishia, tena halihitaji moto. Dada yangu Niyomwungere amezipokea Mbezi zimelainika vizuri. Leo anakamua. Jumamosi itakuwa imetimiza siku zake." Alilikung'uta koti, akampa. "Ndizi zimepanda basi. Watu watapanda ndege."

Pasikali alivua kofia. Miaka yote ya ukonda hakuwahi kufikiria kwamba buti lake lilikuwa shimo la ndizi.

"Kwa hiyo baba," sauti ya Jeanne ilitoka simuni, "pombe ipo. Imebaki wewe."

Reverien alilishika koti kifuani. Kisingizio kilikuwa kimekamuliwa chote, na kila mtu alikuwa akimtazama. Akakaa.

"Ninaogopa," alisema. "Haya, chekeni. Ninaogopa sana. Baba yangu aliingia nchi hii kutoka Burundi kwa miguu, kabeba godoro na mimi juu ya godoro. Sisi ni watu wa ardhini. Nikifikiria chini yangu hakuna kitu, nakosa pumzi."

Walicheka, maana walikuwa wameruhusiwa. Abdalah alisema, "Basi tembea, Rubani, ukianza leo utawahi ubatizo wa mjukuu," na benchi likaanguka upande mmoja. Theodosia hakucheka. Alingoja wamalize.

"Kwa Spesioza," alimwambia mume wake, "watu waliniuliza baba yake yuko wapi. Nikasema gari limeharibika, na ilikuwa kweli, na hawakukulaumu. Safari hii wakiniuliza, nitasema nini? Mimi mbele ya madhabahu siwezi kudanganya. Nitasema aliogopa, yupo Kasulu anakunywa kahawa."

Faudhia aliweka kijiko mezani.

Reverien aliona tena turubai lile la Morogoro likikunjwa, sahani zikioshwa, na Spesioza akimkimbilia na shela mkononi huku analia, akimwambia si kitu, baba, si kitu. Kilikuwa kitu. Aliisogeza simu mdomoni.

"Jeanne."

"Abe, baba."

"Kata ndege. Wawili."

Upande wa pili palisikika kelele za furaha na kitu kikidondoka na kuvunjika. Simu ikakatika. Reverien aliufuta uso wake kwa mkono wa koti jipya na hakuna aliyemkemea.

Abdalah alikohoa kidogo. "Kaka Reverien, mimi naunga mkono hoja, tena kwa moyo wote. Nauliza tu kwa kujifunza. Mle mtu anaruhusiwa kilo ngapi?"

"Zake zote nimeshajaza mimi, shemeji," alisema Theodosia.

Bunge lilivunjika bila kupigiwa birika. Pasikali alibeba kikapu chake akielekea stendi kutafuta mtu mwingine wa kumpenda. Abdalah alikwenda kuchukua galoni nyuma ya mlango. Bazilio alijikongoja nyuma yao, akiandika kwenye simu kwamba kwa taarifa zilizotufikia hivi punde, mkazi mmoja wa Kasulu ataruka.

Reverien na Theodosia walishika njia ya nyumbani. Walipofika mahali pasipo na watu, Reverien alipunguza mwendo.

"Mama Spesioza. Mle ndani, ikianza kupanda, nikikushika mkono watu watasemaje?"

"Nishike tu. Watadhani bibi harusi ni wewe."